Mrija Mmoja, Maji na Umeme

Kupima maji yanayopita ndani ya mrija mmoja wa kaboni, wenye nusu kipenyo cha nanomita 15, kulishindikana kwa miaka mingi. Yanayotoka ni machache mno kwa kipimo chochote cha kawaida. Mwaka 2006 maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, ilipima utando uliosheheni mirija ya kaboni, myembamba zaidi ya huo, na kukuta maji yakipita zaidi ya mara 1,000 ya makadirio ya nadharia iliyozoeleka. Tatizo ni kwamba ukipima mirija mingi kwa pamoja, lazima ukadirie ni mingapi iliyo wazi, na kosa katika makadirio hayo huingia moja kwa moja kwenye jibu.

Timu ya wanafizikia Lydéric Bocquet na Alessandro Siria, jijini Paris, ilichagua mrija mmoja tu. Waliuchomeka kwenye ncha ya sindano ya kioo, wakaziba pembeni, wakaizamisha ncha hiyo katika maji yenye chembe ndogo za plastiki. Waliposukuma maji kwa shinikizo, mchirizi uliotoka uliyavuta maji ya nje, na chembe zikaanza kusogea. Wakausoma mwendo wa chembe hizo kama baharia anavyousoma upepo kwa tanga. Hesabu za mchirizi wa namna hiyo zilikuwa zimeshaandikwa na wataalamu Landau na Squire katikati ya karne ya 20. Kwa hizo waliweza kurudi nyuma hadi kasi ya maji ndani ya mrija.

Majibu yalitoka mwaka 2016: maji huteleza ukutani mwa kaboni, na mrija unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo utelezi unavyozidi. Ila sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ulinganisho. Walirudia jaribio kwa mirija ya boroni naitraidi, ambayo atomi zake zimepangwa vilevile, pembe sita kwa pembe sita. Humo hawakuona utelezi wowote. Umbo ni lilelile. Tofauti ni elektroni, kwani kaboni hupitisha umeme na boroni naitraidi haipitishi. Maelezo ya ulaini wa ukuta peke yake hayatoshi tena.

Kwa nishati, jambo hili lina uzito. Kampuni ya Statkraft ilifungua mwaka 2009, huko Tofte, Norwei, mtambo wa kuzalisha umeme kwa kukutanisha maji ya mto na ya bahari, kisha ikaachana na teknolojia hiyo kwa sababu utando ulitoa nguvu kidogo mno kwa kila mita ya mraba. Mwaka 2013 Siria, Bocquet na wenzao walipitisha ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, katika mrija mmoja wa boroni naitraidi, wakakadiria kilowati kadhaa kwa mita ya mraba. Yaani ukuta usioteleza ndio uliotoa umeme mwingi, kwa kuwa katika maji yenye alkali hubeba chaji nyingi, na chaji hiyo huchagua ioni zipi zipite. Anayesanifu utando wa umeme aanze na chaji ya ukuta. Kasi ya maji ifuate. Tena asizidishe tu nguvu ya mrija mmoja kwa idadi ya mirija: ikibanana, ioni hugombania milango ya mirija, na umeme wa kila mmoja hupungua.