Kicheko Kimwangukie Nani?

Januari 2009, katika gereza la Goulburn, jimbo la New South Wales, mfungwa mmoja alichukua kisu cha plastiki akajikata kidole kidogo cha mkono. Alikusudia kukituma kwa Mahakama Kuu ya Australia, iliyo mahakama ya mwisho nchini humo, ili majaji waisikilize kesi yake upya. Kidole hakikusomwa na jaji yeyote, na madaktari waliona hakirudishiki mahali pake. Miaka miwili baadaye mfungwa yuleyule aligoma kula, akapungua kilo 25. Alichokuwa akidai ni PlayStation.

Simulia hayo mbele ya watu bila kutaja jina na ukumbi utacheka. Kisha lilete jina: Ivan Milat, aliyetiwa hatiani mwaka 1996 kwa kuwaua vijana saba waliokuwa wakiomba lifti barabarani, na miili yao ikapatikana katika msitu wa Belanglo. Kicheko kinakwama kooni. Mchekeshaji anayesimulia visa vya wauaji wa mfululizo analipwa kwa sababu ya sekunde hiyo, pale mdomo ungali wazi na moyo umeshafunga.

Fani hii imekua haraka. Mwaka 2014 wachekeshaji wawili wa Uingereza, Rachel Fairburn na Kiri Pritchard-McLean, walianzisha podikasti ya All Killa No Filla. Januari 2016 Wamarekani Karen Kilgariff na Georgia Hardstark wakaja na My Favorite Murder. Zote mbili zilitoka chumba cha kurekodia zikapanda jukwaani, mbele ya watu waliokata tiketi kusikia habari za mauaji na kucheka. Australia ni ghala kubwa la visa vya namna hii. Wengi wameshabishana kama jambo lenyewe ni halali. Hapa nataka tulifungue boneti, tuone injini inavyofanya kazi, kwa sababu naamini ukishaielewa injini utajua pia ni wapi inapoua abiria.

Mpangilio kwanza

Tuanze na kisa cha Sydney cha mwaka 1962. Katika kitongoji cha Burwood palikuwa na duka dogo la mtu aliyejulikana kama Allan Brennan. Novemba mwaka huo harufu iliwashinda majirani. Polisi walipotafuta, walikuta chini ya duka maiti iliyooza kiasi cha kutotambulika. Mwenye duka haonekani, maiti ipo: hesabu ikafungwa haraka kwamba huyu ndiye Brennan. Akazikwa. Waliowahi kufanya naye kazi wakamsikitikia. Kumbe Brennan lilikuwa jina la bandia la William MacDonald, ambaye alikuwa ameshaua wanaume wengine mjini humo. Chini ya duka alikuwa mtu mwingine, jina lake Hackett.

Ukikisimulia kama nilivyokisimulia sasa hivi, hakuna atakayecheka. Kila kitu kimewekwa mezani kwa zamu yake, na msikilizaji anabaki kutikisa kichwa. Sasa kigeuze. Mwanzoni muuaji asiwepo kabisa. Anza na mtu mmoja asiye na hatia wala umaarufu, mfanyakazi wa kawaida anayejipitia zake mtaani Sydney mwaka 1963. Mbele yake anatokea mwenzake wa kazini wa zamani. Tatizo ni kwamba mwenzake huyo amezikwa miezi kadhaa iliyopita. Anamsogelea, na marehemu anatimua mbio.

Hapo ukumbi unacheka, na hajatukanwa mtu. Kicheko kimetoka kwenye mantiki: wafu hawakimbii, na hata wakikimbia, wanamkimbia nani? Msimulizi anaweza kukaa hapo muda mrefu atakavyo. Amwonyeshe yule bwana akijiuliza kama amsalimie marehemu kwanza au amuulize habari za huko. Halafu ampeleke kueleza watu wazima, kwa uso mkavu, kwamba amemwona maiti akikata kona. Gazeti la Sydney lililochapisha habari hiyo lilikipa kisa jina la maiti anayetembea, na jina hilo halijakitoka mpaka leo.

Kisha msimulizi anauliza swali moja tu: kama Brennan yu hai, nani yuko kaburini?

Swali hili halileti habari mpya hata moja. Lilikuwamo tangu mwanzo, limekaliwa na kicheko. Jibu lake ni Hackett, mtu wa wizi mdogomdogo aliyekuwa ametoka gerezani siku si nyingi. Kwa miezi kadhaa alilala ardhini kwa jina la aliyemuua, tena jina lenyewe la uongo. Ukumbi uliokuwa ukipiga makofi unanyamaza, na kila aliyecheka anajikuta anadaiwa riba kwa kicheko cha dakika mbili zilizopita. Ajabu ni kwamba jambo lililochekesha na jambo linaloumiza ni jambo moja: maiti imepewa jina lisilo lake. Msimulizi hodari hutafuta jambo la aina hiyo ndani ya kisa, lenye uso wa mbele na wa nyuma. Asipolipata, huenda kisa hicho si cha jukwaa.

Shabaha

La pili ni kujua unampiga nani. Turudi kwa Milat. Januari 1990 kijana Mwingereza, Paul Onions, alipewa lifti na mtu aliyejiita Bill. Karibu na Belanglo, Bill alitoa bastola na kamba. Onions aliruka nje akakimbia katikati ya barabara kuu, huku nyuma yake risasi ikilia, mpaka mama mmoja aliyekuwa na watoto kwenye gari akamchukua na kumfikisha polisi Bowral. Onions akaeleza yote: mtu, gari, bastola. Taarifa ikaandikwa, kisha ikapotea.

Miili ya kwanza ilipatikana Septemba 1992. Novemba 1993 Onions, akiwa kwao Uingereza, alisikia habari za Belanglo akapiga simu mwenyewe. Ujumbe wake uliingia kwenye lundo la maelfu ya taarifa za raia, na ilifika Aprili 1994 ndipo mpelelezi akaushika na kuutilia maanani. Mwezi uliofuata Onions alipelekwa Australia akaitambua picha ya Milat, na tarehe 22 Mei Milat akakamatwa nyumbani.

Hapa kuna shabaha tatu. Unaweza kumcheka aliyepanda gari la mtu asiyemjua. Unaweza kumcheka Bill. Unaweza kulicheka faili lililopotea. Mchekeshaji mvivu huchukua ya kwanza kwa kuwa iko karibu: "Na wewe ulipanda gari lake kwa nini?" Ukumbi utacheka, lakini tangu hapo kisa kimekufa, kwa sababu msikilizaji ameshaambiwa kwamba yeye ni mwerevu kuliko waliouawa, basi hana tena cha kuhofia. Mwenye ufundi hulicheka faili. Hulifuata kama mhusika, akalionyesha likipigwa muhuri, likitiwa kwenye droo, likinywewa chai juu yake, huku tarehe zikipita. Tarehe ndizo zinazofanya kazi ya kutisha, kwani waliouawa Belanglo waliuawa kati ya mwaka 1989 na 1992, na Onions alikwenda polisi mapema mwaka 1990. Msimulizi hana haja ya kupaza sauti. Anaitaja tarehe moja, ananyamaza, anataja nyingine.

Na Bill mwenyewe? Huyo ndiye wa kidole na PlayStation. Wauaji wa namna hii hupenda kuonekana viumbe wa kutisha, na sinema huwasaidia. Milat anayedai mchezo wa kompyuta kwa njaa ni mtu mdogo sana, na udogo huo ni kweli iliyo kwenye kumbukumbu. Kumcheka kunampunguza hadi kimo chake halisi. Ila vitu hivyo viwekwe mwisho, baada ya ukumbi kuwajua waliokufa. Ukivitanguliza unamgeuza babu mcheshi, kama nilivyokufanyia wewe msomaji hapo juu.

Viti viwili

Maonyesho mengi ya aina hii huwa na watu wawili, na sababu ni ya kiufundi. Mmoja amekisoma kisa, ana karatasi. Mwingine anasikia pamoja na ukumbi. Atakuwa ndiye mwenye kuguna, kushtuka, kuuliza swali la kijinga, kupotoka kwenda kwenye habari za shangazi yake. Msomaji aliyekua na hadithi za jioni ataitambua kazi hii mara moja: hadithi haiendi bila mwitikiaji. Mwenye karatasi akifanya mzaha mwenyewe, anaonekana ameuandaa msiba kwa ajili ya mzaha. Mzaha ukitoka kwa mwitikiaji unakuwa mshtuko wa binadamu aliyezidiwa. Kisa kinapofika kwenye kifo chenyewe, mwitikiaji hunyamaza, na unyamavu wake ndio unaowaelekeza watu mia kadhaa kwamba sasa tunyamaze.

Umbali na sheria

Mwaka 1824 mjini Hobart alinyongwa Alexander Pearce, Muayalandi aliyehamishiwa ng'ambo kwa kuiba jozi sita za viatu. Mwaka 1822 alitoroka na wenzake kutoka Macquarie Harbour, Tasmania. Njaa ilipowazidi, walianza kuuana na kulana, akabaki yeye. Alipokamatwa alikiri kila kitu, na hakimu hakumwamini. Alidhani anawafichia wenzake ambao bado wako porini. Akarudishwa kulekule, akatoroka tena na mwenzake mmoja, akakamatwa na nyama ya huyo mwenzake mfukoni. Leo kisa hicho kinasimuliwa kwa kicheko bila mtu kukunja uso. Miaka 200 imeondoa ndugu wote wa marehemu ukumbini.

Lakini miaka michache iliyopita, ungepanda jukwaani Perth ukatania mauaji matatu ya Claremont, kitongoji cha mji huo, ya mwaka 1996 na 1997, ungejitafutia kesi. Mshtakiwa alikuwa hajahukumiwa; hukumu ilitolewa Septemba 2020, akatiwa hatiani kwa mauaji mawili na kuachiwa kwa shtaka la tatu. Kuzungumza hadharani kuhusu shauri lililo mahakamani ni hatari kwa mzungumzaji na kwa haki yenyewe. Ndiyo maana wazoefu huchagua kesi zilizofungwa, na hukumu huisoma kabla ya magazeti.

Mwenyeji na mgeni

Ugumu mkubwa ni Snowtown. Tarehe 20 Mei 1999 polisi wa Australia Kusini walifungua chumba cha kuhifadhia fedha cha benki iliyokwisha kufungwa, katika mji huo mdogo ulio kilomita kama 145 kaskazini ya Adelaide. Ndani waliona mapipa sita yenye miili ya watu wanane. Wauaji walikuwa wametumia asidi ya haidrokloriki wakidhani itaiyeyusha. Badala yake iliikausha ikahifadhika. Mwaka 2003 John Bunting alitiwa hatiani kwa mauaji 11 na Robert Wagner kwa 10.

Kosa hilo la kikemia ndilo hugeuzwa mzaha kila mara, na shabaha yake ni sahihi. Lakini kisa hiki hakina sura ya maiti anayetembea. Waliouawa wengi walikuwa maskini na wanyonge, baadhi jamaa au majirani wa wauaji, na fedha zao za msaada wa serikali ziliendelea kuchukuliwa baada ya kufa kwao. Tena ni mmoja tu aliyeuawa Snowtown kwenyewe; mji ulibebeshwa jina kwa kuwa mapipa yaliegeshwa pale. Mgeni akisimama Adelaide na kutania "watu wa Snowtown", amempiga ambaye hakuwamo.

Sisi tuna neno kwa hili: utani. Mtani anaweza kuingia msibani akaigiza namna marehemu alivyokuwa akidai madeni, akalala kwenye sanduku, na wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Mpita njia akifanya hivyo atapigwa. Mgeni wa jukwaani hana utani na wenyeji, inambidi auombe. My Favorite Murder hufanya hivyo kwa mbinu rahisi: wakifika mji huchagua kisa cha eneo hilo, na mwishoni humpandisha jukwaani mtu wa ukumbini asimulie kisa cha kwao. Wenyeji husahihisha matamshi, hupiga kelele jina la mtaa likikosewa, na kila sahihisho ni kibali kidogo.

Maiki ikishikwa na mwenyewe

Mbinu zote hizi zinaanguka katika hali moja. Mark "Chopper" Read, mhalifu wa Melbourne aliyejigamba kuua watu wengi kuliko mtu yeyote alivyoweza kuthibitisha, aliandika vitabu vilivyouzwa sana, kisha akazunguka kwenye baa na kumbi akisimulia ujambazi wake kwa mzaha mpaka karibu na kifo chake mwaka 2013. Miongoni mwa aliopanda nao jukwaani alikuwa Roger Rogerson, mpelelezi wa zamani wa Sydney aliyefukuzwa kazi. Walikuwa wachekeshaji wazuri. Kila neno lilifika kwa wakati wake. Mwaka 2016 Rogerson alitiwa hatiani kwa mauaji aliyoyafanya mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 73.

Hapo mpangilio ulikuwepo, na tarehe, na viti viwili. Kilichokosekana ni shabaha, kwa sababu mwenye kisa hawezi kujipiga mwenyewe. Kila kicheko kilimwongezea kimo.

Nasema hivi kwa sababu katika utani wetu kuna sehemu ambayo watu husahau kuisimulia. Mtani anayelala kwenye sanduku la marehemu ndiye pia, kwa desturi ya makabila mengi, anayechimba kaburi. Jembe lake kwa mchekeshaji wa Sydney ni kurasa za hukumu, zile tarehe za Bowral, na lile swali la nani yuko kaburini Burwood. Ukumbi hauyaoni hayo. Huona tu kwamba mtu huyu, anapotania, ana udongo mikononi.