Mdudu Anayekunywa Hewa

Masika yaliyopita nilifungua kopo la unga nyumbani Tanga, nikaona vumbi la ukingoni linatembea. Kwa macho matupu zilikuwa nukta za rangi ya majani makavu. Chini ya lenzi zikawa wadudu: kichwa kikubwa, papasi ndefu, mapaja mapana ya miguu ya nyuma, mabawa hakuna. Urefu wa mwili mzima ni milimita 1 hivi. Hawa ni chawa wa vitabu, na anayeenea zaidi majikoni na maghalani kitaalamu huitwa Liposcelis bostrychophila. Jina la chawa linamwonea, kwa maana hanyonyi damu wala haishi mwilini mwa mtu. Chakula chake ni ukungu, wanga, gundi ya majalada, vumbi la nafaka na punje zilizovunjika.

Kilichonishangaza ni kwamba kopo lile halikuwa na tone la maji. Mwili mdogo kiasi hicho, tena laini, hupoteza maji upesi. Kwa haki mdudu yule alipaswa kuwa amekauka zamani.

Jibu lilianza kupatikana kwa mizani. Mwaka 1969 Wilhelm Knülle na mwenzake Spadafora walichapisha vipimo vyao kuhusu chawa hawa na unyevu wa hewa. Kazi ya namna hii inataka subira: unamfungia mdudu katika hewa ambayo unyevu wake unaujua, unampima, unamrudisha, unampima tena. Wala unyevu huo hauhitaji mtambo kuudhibiti. Maji yaliyokolezwa chumvi ya mezani mpaka haiyeyuki tena, yakiwekwa ndani ya chombo kilichofungwa, hushikilia hewa ya humo kwenye asilimia 75. Kloridi ya magnesi huishikilia kwenye 33. Katika hewa kavu chawa wa vitabu hupungua uzito. Ukimhamishia kwenye hewa yenye unyevu wa kutosha, uzito unarudi bila yeye kugusa maji. Mpaka kati ya kupungua na kurudi uko karibu na asilimia 60.

Maji hayo yanaingilia wapi? Mwaka 1982 mtafiti Rudolph alieleza: kinywani. Kwenye ulimi wa mdudu kuna vibamba viwili vyenye umbo la yai. Akishikwa na kiu huvitokeza nje, vikiwa vimepakwa majimaji ya tezi ambayo huvuta mvuke, mithili ya chumvi ya mawe inavyolowa yenyewe jikoni wakati wa mvua. Mvuke ukishanaswa, pampu ya misuli huufyonza kupitia mrija mwembamba hadi ndani ya mwili. Vibamba vya aina hiyohiyo vimo kinywani mwa chawa wanaotafuna manyoya ya ndege. Vinasaba vimekuja kuthibitisha baadaye kwamba ni ndugu wa karibu, kwa hiyo walioliita kundi hili chawa hawakuwa mbali na ukweli.

Mdudu akiweza kunywa kutoka hewani, hesabu ya ghala inabadilika. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sikidharau, kwa sababu kinasaidia sana dhidi ya kuvu. Lakini punje hupeana maji na hewa iliyo katikati yake mpaka zilingane, na kwa joto letu la pwani mahindi ya 13.5 huifanya hewa ya ndani ya gunia isimame juu ya asilimia 60. Gunia limepita kipimo, na bado linamnywesha mdudu. Kumfungia bomba kunataka nafaka ikaushwe hadi asilimia 12 hivi au chini yake, kisha iwekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS yenye tabaka tatu. Ukiitia ndani ya kiroba cha kawaida Tanga au Mombasa, itavuta unyevu upya kutoka hewani na kazi yote ya juani itapotea bure.

Wengi hukimbilia dawa. Gesi ya fosfini huua wakubwa vizuri pale ambapo usugu haujaingia, ila mayai huistahimili kuliko wao. Tena chawa hawa karibu kote duniani ni majike watupu wanaozaa bila dume, kwa hiyo yai moja lililosalimika linatosha kuanzisha ukoo mpya. Ndiyo maana muda wa kufukiza una uzito kuliko ukali wa gesi: ghala lizibwe barabara na gesi ikae siku za kutosha hadi mayai yaanguliwe ndani yake. Kwenye ghala linalovuja, hata ukiongeza vidonge vya gesi hiyo, unarutubisha usugu tu. Na fosfini huua watu pia. Ni kazi ya mtaalamu, haina nafasi jikoni.

Kwenye majengo mambo ni yaleyale. Nyumba iliyopigwa plasta juzi huhifadhi maji ukutani kwa miezi, ukungu usioonekana huota, na chawa huja kuula. Nimeona watu wakipulizia kuta mpya dawa kila wiki wakati madirisha yamefungwa, jambo linaloniuma, kwa kuwa hewa ikipita na plasta ikikauka mdudu huondoka pasipo kumwagiwa chochote. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 50 kwa wiki chache, anakauka.

Unga wangu niliulaza kwenye friza siku kadhaa, nikauhamishia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Kabati nikalisogeza shubiri moja kutoka ukuta wa nje na kuweka kipimaunyevu ndani. Siku ya kwanza kilisoma 79. Leo asubuhi kimesoma 70, na milango ya kabati bado naiacha wazi mchana kutwa.