Kuziba, Kukarabati na Kuremba: Istilahi za Tiba ya Meno

Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Dar es Salaam mwaka 1979. Mwanafunzi hujifunza kanuni za taaluma hiyo kwa Kiingereza, kisha humweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo istilahi hupimwa. Katika makala haya twapenda kuchunguza istilahi mbili zitumikazo sana: "kuziba jino" na "urembo wa meno".

"Kuziba" ni neno la watu, wala hatukusudii kulifuta. Hata hivyo, linataja hatua ya mwisho tu. Kabla ya kuziba, daktari huchonga. Huondoa sehemu iliyooza, na pengine hata iliyo nzima. Mmarekani G. V. Black (1836–1915), ambaye kanuni zake zilitawala ufundishaji kwa muda mrefu, alitaka tundu lipanuliwe kupita mahali palipooza ili kuzuia uozo usirudi. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi hushikamana vyema zaidi na akriliki. Tangu hapo njia ikafunguka ya kuchonga kidogo na kuhifadhi kingi. Badiliko hilo kubwa halionekani kabisa katika neno "kuziba". Isitoshe, kofia ya jino haizibi tundu, bali hulifunika jino.

Mfasiri aweza kukimbilia "urejeshaji". Neno hilo laahidi mno, maana enameli ikishachongwa haioti tena. Kinachorudi ni umbo na uwezo wa kutafuna. Sisi twaona kwamba "ukarabati wa jino" lafaa zaidi. Nyumba iliyokarabatiwa hukalika vizuri, lakini mwenyewe hajidanganyi kuwa ni mpya, wala haachi kuikagua. Chini ya istilahi hiyo kuu, "kuziba", "kuvika kofia" na "kubandika kigamba" zitapata kila moja mahali pake.

Tatizo la "urembo" ni zito zaidi. Urembo ni pambo, na mtu aweza kuishi bila pambo. Huko Arusha na Kilimanjaro wako watu ambao utotoni walikunywa maji yenye floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno yao yakaota yakiwa na madoa ya kahawia. Kijana afunikaye kinywa kwa kiganja kila achekapo hatafuti pambo. Tukiita tiba yake "urembo", tumemweka safu moja na mwenye meno mazima atakaye yang'ae zaidi, na mwanafunzi atafundishika kuwa shida ya kijana huyo ni anasa. Tiba ya wa kwanza iitwe "ukarabati wa sura ya meno". "Urembo" libaki kwa wa pili.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kuchonga jino zima kwa ajili ya pambo kwahitaji sababu nzito kuliko kuchonga jino bovu, na mgonjwa ana haki ya kulielewa jambo hilo kabla hajakubali. Kwa hiyo twawasihi walimu na wafasiri, kabla ya kuidhinisha istilahi yoyote ya fani hii, wajiulize: je, inamwonyesha msikilizaji kama jino ni bovu au zima, na ni kipi kitakachoondolewa kisirudi tena?