Bustani ya Nani? Kuchagua Kitabu cha Kupaka Rangi Ukiwa Kisii au Nyamira

Kitabu cha kupaka rangi kina ugumu wake kukihakiki, kwa sababu kinakufikia kabla hakijamalizika. Mwandishi wa riwaya hufunga kazi yake ndipo akupe. Mchoraji wa kitabu cha rangi anakuachia nusu, na nusu hiyo unaifanya wewe, kwa penseli ulizonunua wewe, kwenye meza yako, ukiwa umechoka na kazi ya mchana. Kwa hiyo uhakiki wake hauwezi kuishia kwenye michoro. Ni lazima uulize pia habari ya karatasi, ya penseli, na ya duka lililo karibu. Mimi nauliza nikiwa hapa kwetu, kati ya Kisii na Nyamira. Ukiuliza ukiwa London, jibu ni lingine.

Tuanze na kitabu kilichowasha moto wenyewe. Johanna Basford, mchoraji wa Uskoti, alitoa *Secret Garden* mwaka 2013 kupitia kampuni ya Laurence King ya London. Kikauzwa kwa mamilioni, na baada yake maduka ya vitabu ulimwenguni yakajaa vitabu vya watu wazima vya misitu, bahari, paka na makasri. Si eti wazo lilikuwa jipya. Mwaka 1961 huko Marekani kilitoka *The Executive Coloring Book*, kitabu cha kuwacheka mabwana wa ofisini na suti zao za kijivu. Mzaha wake wote ulisimama juu ya jambo moja: mtu mzima kupaka rangi ni kichekesho. Nusu karne baadaye mzaha umekuwa biashara, na hakuna anayecheka.

Sifa kubwa ya *Secret Garden*, kwa maoni yangu, ni kwamba ni bustani ya mtu. Babu yake Basford alikuwa mkuu wa watunza bustani wa Kasri la Brodick, kwenye kisiwa cha Arran, na mjukuu alikua akiijua bustani hiyo. Tena anachora kwa mkono, kwa kalamu na wino. Hilo linaonekana. Jani moja si pacha wa jingine, ua limepinda kidogo, mdudu amejificha mahali ambapo mtu anayejua bustani angemtafuta. Mstari una pumzi.

Kasoro yake ni kwamba haachi nafasi. Kurasa nyingi zimejaa vijishimo vidogo kuliko punje ya wimbi, na umeachiwa kazi ya kujaza tu. Pia picha zimechapwa pande zote mbili za karatasi, kwa hiyo ukitumia kalamu ya wino mwingi, ukurasa wa nyuma umeupoteza. Ukiwa na penseli nzuri na kichongeo kikali, ni kitabu cha raha. Ukiwa na kreyoni za mtoto, ni mateso.

Katika chama chetu cha walimu hapa Keroka, nakala moja ilipitishwa mkono kwa mkono hadi ikalegea jalada. Mwenzangu mmoja aliifungua, akageuza kurasa kumi hivi, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hii maua ni ya wapi?" Nikamwambia ni ya kwa babu ya mchoraji. "Sawa," akasema, "na ya kwetu iko wapi?"

Hilo ndilo swali la kihakiki, na halimlaumu Basford hata kidogo. Yeye amechora kwao. Mwenye kujiuliza ni sisi.

Kwa sasa jibu letu liko saiba. Mtu mzima wa Kisii au Nyamira anayepaka rangi kwa kawaida hana kitabu. Ana karatasi. Ameitoa kwenye intaneti, ikachapwa kwa shilingi kumi hivi, na mara nyingi ni mandala: duara lenye petali, ndani yake duara, ndani yake petali tena. Nimepaka nyingi na sizidharau, lakini tuseme ukweli. Nyingi zimenakiliwa kutoka kwa picha iliyonakiliwa, mpaka ukingo wa mstari umekuwa na ukungu. Nyingine zimechorwa na mashine, robo moja ikarudiwa mara nne, na ukishapaka robo hiyo umeshaona yote. Si bustani ya mtu yeyote.

Halafu kuna maneno ya jalada: eti hii ni dawa ya msongo wa mawazo. Hapo tuende polepole. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Curry na Kasser, waliwachukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kwanza, kisha wakawagawa. Kundi moja lilipaka mandala, jingine mirabamiraba kama ya shuka, jingine likapewa karatasi tupu lichore litakalo. Makundi mawili ya kwanza yalitulia zaidi kuliko lile la karatasi tupu. Hivyo mstari uliochorwa tayari una msaada wake: unakupokonya uamuzi wakati ambapo umechoka kuamua. Lakini kutulia kwa dakika ishirini si kupona. Mama anayeamkia chai Kebirigo na kurudi na mgongo unaouma anastahili mapumziko. Asiuziwe mapumziko kwa jina la tiba.

Na mapumziko haya kwetu yana historia. Wengi wetu tuliofanya KCPE katika miaka yake ya mwisho tulitahiniwa masomo matano, na sanaa haikuwemo. Kisichotahiniwa hakifundishwi, na kila mwalimu anajua hivyo hata kama ratiba inasema vingine. Tukafika utu uzima bila kujua penseli inashikwaje. Mtaala wa CBC ulipoanza rasmi mwaka 2019, watoto wetu wakaanza kuja nyumbani na orodha: kreyoni, manila, rangi za maji, gundi. Wazazi wakanung'unika, na walikuwa na haki. Lakini kumbe orodha hiyo ndiyo iliyotufungulia mlango. Vifaa vya rangi vya mtu mzima hapa kwetu ni vile vya shule: vinajaa madukani shule zinapofunguliwa, na baada ya wiki tatu rafu iko tupu. Ukitaka kuchagua, nenda mapema.

Uchague nini? Kalamu za felti zinavutia kwa sababu rangi yake inawaka, lakini karatasi ya saiba ni ya gramu 80, nyepesi, na wino unapenya hadi mezani. Tena huku kwetu mvua hainyeshi kwa ratiba. Karatasi iliyokaa karibu na dirisha wiki nzima imeshanywa unyevu, na wino unatambaa nje ya mstari kama chai iliyomwagika. Ukishikilia felti, mwambie kijana wa saiba akuchapie kwenye karatasi nzito, ya zile za kadi za harusi, upande mmoja tu.

Penseli ndizo zinazofaa kwa michoro midogomidogo. Ziko za nta na za mafuta. Za nta, kama Prismacolor Premier, ni laini, zinachanganyika vizuri, ila zinavunjika upesi na baada ya siku kadhaa zinaweza kutoa utando mweupe juu ya picha. Za mafuta, kama Polychromos za Faber-Castell, ni ngumu kidogo na ncha yake inadumu. Hizo zote mbili utaziagiza Nairobi na utazilipia. Je, ni lazima? Hapana. Chukua boksi la penseli 12 za shule zenye jina unalolijua, jaribu moja kwenye karatasi ya risiti, ione kama inaacha rangi au inaacha mkwaruzo tu. Kisha nunua kichongeo cha chuma. Kichongeo kibaya kimeua penseli nyingi kuliko watoto.

Tena 12 zinatosha kwa yule aliye tayari kupaka rangi juu ya rangi. Simama popote Nyamira utazame shamba la chai. Utaona kijani si moja. Kuna ya majani mawili na chipukizi, karibu na manjano. Kuna ya kichaka kilichokomaa, nzito, inayoelekea buluu. Kuna ya migomba nyuma yake, na ya mlima nyuma ya migomba. Boksi lina kijani mbili ukibahatika. Basi anza na manjano, pitisha kijani juu yake kwa mkono mwepesi, utapata chipukizi. Anza na buluu, pitisha kijani, utapata kivuli. Hudhurungi juu ya chungwa ni udongo wetu. Fanya hivyo mchana, kwa mwanga wa jua, kwa sababu balbu ya manjano usiku inakudanganya na stima ikipotea umekwama.

Ngozi pia inadai kazi. Kwenye boksi kuna penseli ya waridi hafifu ambayo watu bado huiita "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Crayola waliliacha jina hilo mwaka 1962, wakaiita rangi hiyo kwa jina la tunda. Mwaka 2020 wakatoa kreyoni 24 za ngozi za watu wa dunia. Sisi hatuhitaji kungoja boksi hilo lifike Daraja Mbili. Hudhurungi, chungwa na zambarau kidogo kivulini: huyo ni shangazi yako.

Sasa turudi kwenye swali la mwenzangu. Ya kwetu iko wapi? Iko Tabaka.

Kule wanakochonga jiwe la sabuni, wanaume huchonga, na kwa kawaida wanawake husugua kwa msasa na maji hadi jiwe linakuwa laini kama shavu. Vitu vingi vidogo, sahani, visanduku, viboko, hupakwa rangi mwili mzima. Halafu, na hapa nataka usome polepole, fundi huchukua kitu chenye ncha kali na kukwaruza. Rangi inatoka, jiwe jeupe linaonekana, na huo ndio mstari. Twiga, jani, samaki, mirabamiraba, vyote vinachorwa kwa kuondoa.

Linganisha na kitabu cha Basford. Kwake mstari unatangulia na rangi inafuata kwa adabu. Tabaka rangi inatangulia na mstari unakuja mwisho, na ukishakwaruza hakuna kifutio. Mpaka rangi kitabuni anatunza mpaka aliowekewa. Fundi wa Tabaka anauweka mwenyewe. Sisi wa Keroka, mji ambao kaunti mbili zimegombania mpaka wake, tunajua tofauti ya mambo hayo mawili.

Uzuri ni kwamba njia hii inawezekana mezani, kwa vifaa vya bei ya chini kabisa. Chukua manila au kipande cha kadi. Jaza kreyoni za rangi zozote, nzito, bila kuacha upenyo. Funika yote kwa kreyoni nyeusi. Halafu kwaruza kwa msumari au kalamu iliyoisha wino. Zile kreyoni nene nilizosema ni mateso kwenye *Secret Garden*, hapa ndizo zinazotakiwa, na penseli ya bei ghali haifai kitu. Kifaa kizuri hakipimwi kwa bei. Kinapimwa kwa picha unayotaka kutoa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kung'aa za makopo, zile za baiskeli, juu ya hadibodi, na kutoka hapo ikazaliwa mitindo inayotambulika duniani.

Kwa hiyo ninayo hukumu na ninalo ombi. Hukumu: ukipata *Secret Garden*, kinunue, kwa sababu kimechorwa na mtu anayependa mahali. Mandala ya saiba itumie siku umechoka kufikiri, na usiidai zaidi ya hapo. Kabla ya kulipia kitabu chochote kingine, angalia mambo matatu: kama mstari umechorwa kwa mkono, kama upande wa nyuma ni mtupu, na kama kuna mahali mkono wako unaweza kuongeza kitu ambacho mchoraji hakukifikiria. Kikikosa yote matatu, kirudishe kwenye rafu.

Ombi ni kwa wachapishaji wetu, na kwa mafundi wa Tabaka ambao mistari yao inasafiri ughaibuni kwenye sahani bila jina la aliyeikwaruza. Tupeni kitabu. Mkichore ninyi, na majina yenu yawe kwenye jalada. Kiwe na obokano na nyuzi zake nane, migomba, ukingo wa Manga, mwanamke na kikapu chake cha chai mgongoni. Nusu ya kurasa ziwe nyeupe zenye mistari, nusu ziwe nyeusi tupu za kukwaruza. Karatasi iwe nzito, ichapwe upande mmoja, na bei iwe ya mtu wa mshahara wa kawaida. Penseli 12 tunazo. Kreyoni za watoto ziko kwenye droo. Kinachokosekana ni bustani.