Heko, Wakaguzi wa Mamlaka za Maji

Mkaguzi wa hesabu hapokewi kwa vigelegele akifika mamlaka ya maji ya mji mdogo, nami nampa heko. Wengi hudhani kazi yake ni stakabadhi tu. La hasha! Huchukua ujazo uliosomwa kwenye dira ya kisimani, akaulinganisha na maji yaliyotozwa kwenye ankara. Pengo ndilo upotevu: bomba linalovuja, dira iliyokufa, au mtu aliyejiunganishia maji usiku. Kisha huuliza klorini iliyolipiwa mbona haimo kwenye leja ya stoo. Hapo ndipo mafaili huanza kutafutwa.

Tanzania, Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kukagua hesabu za Serikali angalau mara moja kila mwaka. Ripoti zake, zikiwemo zinazogusa mamlaka za maji, huwasilishwa bungeni. Mlipa ankara, zisome.