Kipimo cha Damu: Kuusoma Waraka "Laudato Si'" Kariobangi

Shule zetu hupenda sana mdahalo juu ya sayansi na imani, na aghalabu mdahalo huo hufunga safari mpaka Italia, kumtazama Galileo mbele ya mahakama ya Kanisa mwaka 1633. Si vibaya kumjua Galileo. Walakini, msomaji wangu, akaaye Kariobangi hana haja ya kwenda mbali hivyo. Na ashike njia ya Korogocho, asimame ukingoni mwa Mto Nairobi, atazame ng'ambo. Jaa la Dandora li mbele yake, na upepo ukivuma kutoka mashariki moshi wake humfuata mpaka mlangoni pake. Hapo ndipo nataka tuusome pamoja waraka wa Papa Fransisko uitwao "Laudato Si'", uliotolewa mwezi wa Juni 2015, tuusifu unapostahili sifa na tuulaumu unapostahili lawama.

Mwandishi wake, kabla ya kuwa padre, alisomea kemia katika shule ya ufundi huko Argentina. Sithubutu kusema kwamba hiyo ndiyo sababu, lakini mpango wa waraka ni mpango wa mtu aliyewahi kushika chupa za maabara. Sura ya kwanza yaeleza hali ya hewa, maji, taka na viumbe kwa kutegemea ushahidi wa walioyachunguza. Maandiko Matakatifu hayajadiliwi kwa kirefu mpaka sura ya pili. Kwangu mimi mpangilio huo ndio uzuri mkubwa wa kazi hii. Mhubiri amekubali kusikiliza kwanza, kisha ndipo asimame kuhubiri. Tena mbele kidogo akiri kwamba Kanisa halijidai kuwa mwamuzi wa maswali ya kisayansi.

Huenda ukauliza, kusikiliza huko kwafaa nini kwa jirani wa jaa? Jibu la swali hilo lilikuwapo miaka minane kabla ya waraka. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako Gigiri katika jiji hili hili, lilitoa ripoti juu ya Dandora. Uchunguzi ulifanywa kwa kushirikiana na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, Korogocho. Watoto na vijana 328 walipimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu yao, mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, kiwango ambacho wakati ule kilihesabiwa kuwa cha sumu. Mikrogramu moja ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Hapana jicho liwezalo kuiona, wala pua iwezayo kuinusa, na madhara yake kwa ubongo wa mtoto anayekua hayarudishwi nyuma.

Tafakari jambo hili, kwa maana hapa ndipo mada yetu ilipo nzito. Zahanati ya Kanisa ilikuwa imewatibu watu wa pale kwa miaka. Ripoti yenyewe yataja wastani wa watu 9,121 kwa mwaka waliotibiwa maradhi ya njia ya hewa. Imani ilikuwa imekaa na wakohoaji, ikawajua kwa majina, ikaandika daftari lao. Hata hivyo upendo wote ule haukuweza kuiona risasi. Ilihitajika sindano na chombo cha kupimia.

Sasa igeuze hoja. Mtoto aliyepimwa akapatikana na mikrogramu 9 hakuhesabiwa katika ile nusu. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walishusha kiwango chao cha kuangaliwa hadi 5, na mwaka 2021 hadi 3.5, na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiwango kijulikanacho kuwa salama. Sayansi ilijisahihisha, na hiyo ndiyo heshima yake. Lakini mtoto wa 9 alikuwa mgonjwa yule yule kabla ya kusahihishwa kwake, na aliyemhudumia bila kungoja mstari ushuke hakukosea.

Waraka unapozungumzia tabianchi wafuata mwenendo huo kwa uaminifu. Unapofika kwenye ongezeko la watu, mwendo wabadilika. Aya moja tu, ya 50, yatupilia mbali hoja za wale waoneao hofu wingi wa watu, na kulaumu badala yake ulaji wa kupindukia wa wachache. Lawama hiyo ina haki ndani yake, maana lundo la Dandora halikutokana na mfuko wa maskini peke yake. Lakini ushahidi uliokusanywa kwa uvumilivu kurasa chache nyuma sasa hauonekani. Mwanafunzi asomaye kwa makini atahisi kwamba hapa jibu lilikuwa tayari kabla ya swali.

Na hatari ya jibu lililo tayari twaijua Kenya. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilikuwa na homoni ya mimba iwezayo kuzuia uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, wakieleza kwamba mitambo iliyotumika katika baadhi ya maabara iliundwa kupima damu na mkojo wa binadamu, si dawa ya chanjo. Kuuliza kilichomo ndani ya sindano ni haki ya kila raia, na mchungaji ana wajibu wa kuuliza. Lakini chombo kisichofaa hakigeuki kufaa kwa sababu kimeshikwa na mtu mwema.

Kasoro nyingine ni ndogo kwa maneno, ila kwangu ni kubwa. Waraka wawaonea uchungu maskini wanaoishi karibu na uchafu, lakini hukaa muda mfupi mno na yule ambaye uchafu huo ndio riziki yake. Jaa lilifunguliwa mwaka 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Waraka ulipotoka, miaka 14 baadaye, malori yalikuwa bado yakimwaga, na nyuma ya kila lori walikuwako watu wenye magunia, wakiokota chuma, plastiki na chupa za kuuza. Mwambie mmoja wao kwamba jaa lifungwe kwa ajili ya damu ya mtoto wake. Atakuuliza mtoto huyo atakula nini jioni, na jibu lake sikulipata katika sura yoyote kati ya zile sita.