Sisso na Ngoma ya Kompyuta

Njia itokayo Bunda kwenda Musoma hupita Makutano, panapochepuka barabara iendayo Butiama. Siku moja, basi letu lilipofika hapo, dereva alifungulia singeli, na mzee aliyeketi karibu nami akaniuliza, "Mwanangu, na hii nayo ni ngoma?" Swali hilo si dogo. Mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, aliliuliza taifa jambo la namna hiyo tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge: katika wengi waliojua rumba na chachacha, ni wangapi walioijua gombesugu au lelemama? Nitajaribu kumjibu mzee yule kwa kuitazama kazi ya mtayarishaji mmoja wa muziki, Sisso.

Sisso hana bendi. Chombo chake ni kompyuta, na karakana yake ni studio iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyo wa kazi za studio hiyo. Mwaka 2019 ikafuata Mateso, kazi yake mwenyewe, na mwaka 2024 Singeli ya Maajabu, aliyoifanya pamoja na Maiko. Hivyo singeli ya uswahilini ikavuka bahari, ikachezwa Ulaya.

Waisifuo ng'ambo hutaja kwanza kasi, kwani mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Sifa hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Chini ya kasi umo mchiriku, uliotokana na ngoma za Wazaramo na kupigwa kwa vinanda vidogo vya Casio. Zimo pia tuni za taarabu zilizokatwa vipande, zikazungushwa na kukimbizwa. Mashine ni ya kukopa, ila sikio ni la nyumbani. Hapo ndipo ulipo ubora wa Sisso.

Dosari nayo ipo. Mbio zikizidi, neno humezwa. Na singeli, kwa asili yake mitaani, ni kazi ya manju anayeisema shida ya mtaa wake na kutaka asikike. Msikilizaji asiyejua Kiswahili hapotezi kitu. Sisi twapoteza.

Basi kijana wa Musoma ajifunze nini? Akiiga mbio za Mburahati tu, atakuwa mkopaji kama wale wa mwaka 1962, ingawa safari hii mkopo ni wa ndani ya nchi. Wakurya wana ritungu, lenye nyuzi nane na sauti nzito. Kompyuta haikatai kulipokea. Somo la Sisso si kukimbia, bali kuanza na kilio karibu na sikio.

Ndiyo, mzee wangu, ile ni ngoma; lakini ni ngoma ya Mburahati. Ya Mara twaidai kwa vijana wetu.